Miguu Yangu Ilipotulia

Watu wa kartie yetu, Mudzipela, hapa Bunia, wanasema mimi Monique naongea sana. Waache waseme. Miaka minne nilikuwa nasikiliza watu wenye sikuwaona wakiongea mu kichwa yangu, sasa ni zamu yangu.

Kazi yangu ni kushona. Zile sauti zilikuwa zinanitukana nikiwa ku mashini, zinaniambia nichome nguo za watu, na siku moja nikazichoma kweli. Mutu alinisaidia ni anfirmie Ambroise, muuguzi wa kartie yetu. Alinipa dawa mbili, Haldol na Artane. Nikamuuliza: juu ya nini mbili, na kichwa yangu ni moja?

Hakucheka. "Mama Monique," akasema, "Haldol inaenda kusimama ku mulango ya kichwa, inazuia sauti. Lakini miguu na shingo nazo zinapitaka ku mulango ile ile kuomba ruhusa ya kutulia. Haldol haichagui, inafungia wote inje. Basi Artane inafungulia miguu kidirisha. Mudomo itakauka, macho itaona ukungu kidogo. Vumilia. Lakini usikunywe ya kwanza bila ya pili."

Nikavumilia. Mudomo ilikauka, nikakawia kutia uzi mu sindano, wateja wakalalamika, nami nikawajibu vile walistahili. Lakini sauti zilinyamaza. Mutu mwenye hajabeba kelele mu kichwa hawezi kujua namna kimya iko tamu.

Kisha mwezi ya tano ya mwaka elfu mbili na tatu, vita ikaingia mu Bunia yenyewe. Nilipofika kwa Ambroise, nilimukuta amekaa juu ya kasha mbele ya rafu karibu tupu. Wapiganaji walikuwa wamevunja mulango.

"Artane wamebeba yote," akasema. "Wanaimeza ili wasiogope. Haldol wameniachia. Hiyo hakuna mutu anaitaka."

Akanipa kopo moja ya ile yenye hakuna mutu anaitaka. "Usiiache mara moja," akasema, "sauti zitarudi zote pamoja. Miguu ikikushinda kabisa, kata ile kidonge, komprime, nusu. Lakini ukikata, mutu akae karibu na weye, akuangalie." Kesho yake naye akakimbilia Beni.

Siku ya pili bila Artane, miguu ikaanza. Si maumivu. Miguu iko na haraka ya safari, na weye mwenyewe hauna safari. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, natembea. Nilipanda ku mashini, nikatoa mukanda ili gurudumu ya juu isizunguke, nikakanyaga tu, kri, kri, bila uzi, bila nguo.

Siku ya Jumanne, mchana kabisa, risasi zikakaribia. Charlotte, muke wa ndugu yangu Didier, akaja kunivuta mukono. Didier alikuwa amekwama Beni. Nyuma ya nyumba yao kuna depo ya maharage, na hiyo depo iko ukuta moja na nyumba yangu. Tukaingia mule: Charlotte, mutoto wake Glodie wa miezi saba, muzee Nicolas jirani yetu, na mimi. Tukapanga magunia nyuma ya mulango, tukanyamaza.

Wote isipokuwa miguu yangu. Visigino vilikuwa vinapiga simiti. Nilivishika na mikono, mikono nayo ikaanza kutikisika. Muzee Nicolas akakuja kukalia miguu yangu na uzito yake yote, na chini yake vidole vikaendelea. Inje wapiganaji wakapita. Walikuwa karibu mupaka tukasikia mumoja akikohoa. Kisigino yangu ikapiga mara moja, mara mbili. Wakasimama kidogo, wakaenda.

Charlotte alikuwa ananiangalia. Glodie alikuwa ku titi.

"Yaya," akasema pole pole, vile tunaitaka dada mukubwa, "niko na mutoto."

Ni hiyo tu. Hakusema toka. Lakini mimi si mupumbavu. Nikasogeza gunia moja, nikatoka, na nyuma yangu nikasikia wakilirudisha.

Mu nyumba yangu, toka kitanda mupaka dirisha ni hatua sita. Nilizihesabu mupaka nikachoka kuhesabu. Nikichoka kutembea, naenda ku mashini, kri, kri. Upande wa pili ya ukuta mara moja moja Glodie alianza kulia, wakamunyamazisha, na hiyo kidogo ilinifurahisha. Nasema wazi, niliogopa. Kufa sikuogopa sana. Niliogopa kufa peke yangu, kando ya watu wangu, ukuta moja tu katikati. Nilitaka mutu agonge pale ukutani na kidole moja tu.

Alhamisi nilichukua wembe ya kukatia nyuzi, nikakata komprime. Nusu nikameza, nusu nikarudisha mu kopo. Mutu wa kuniangalia, nitamutoa wapi? Ijumaa vile vile. Jumamosi mchana miguu ikatulia. Nilikaa ku kiti kama mutu mwenye akili yake, nikalia.

Pale ndipo sauti moja ikarudi. Si zile za matusi. Ilikuwa moja tu, ya mwanamuke, ndogo, toka upande wa dirisha: "Monique, umechoka?"

Najua ilikuwa ni ugonjwa. Ambroise alinifundisha kuujua. Ilifaa nifungue kopo nimeze nusu ingine, na kopo lilikuwa pale ku magoti yangu. Lakini nilimujibu. Nikasema ndiyo, nimechoka. Akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Tulikaa vile, mimi na yeye, mupaka Jumatatu, na hata kisha ya pale hakuniacha.

Jumatatu risasi zilinyamaza, Charlotte akafungua mulango wangu. Alileta sahani ya maharage. Aliponiona ku kiti, akashika ukuta.

"Tulikuwa tunasikia mashini yako," akasema. "Kri, kri. Muzee Nicolas alikuwa anasema, Monique angali yuko. Ilitutia nguvu sana, yaya. Mupaka Jumamosi."

"Jumamosi miguu ilitulia," nikasema.

"Siye tulifikiri umekufa."

Wenye wananijua hawatakubali, lakini sikupandisha sauti. Nikamuuliza tu: "Na mulifanya nini?"

Charlotte akaangalia sahani. Glodie alikuwa amelala ku mugongo yake, muzima, mashavu yamejaa.

"Tulisali," akasema.

Nikakula maharage. Yalikuwa na chumvi ya kutosha. Mupaka leo Charlotte ananiletea chakula kila Jumapili, Siku ya Mungu, na mimi nakula, na mutoto namupenda.

Miezi mitatu ilipopita, nikiwa nameza nusu nusu tu, Ambroise alirudi, na Artane mu sakoshi ya begani. Akaniuliza yote kwa mupango: miguu, shingo, mudomo, usingizi. Kisha akauliza kama sauti zilirudi.

"Moja," nikasema.

"Ilikuwa inasema nini?"

"Iliniuliza kama nimechoka. Kama nimekula."

Akaacha kuandika. "Hakuna mutu mwingine alikuuliza?"

"Hapana."

Akaniwekea dawa mbili mu mukono, komprime nzima ya Haldol na Artane yake. Nilizimeza mbele yake. Nyuma ya wiki moja, sauti ya dirishani haikuuliza tena, na mu nyumba yangu kulinyamaza kabisa.