Kiraka cha Wifi

Chwaaa! Pasi ya mvuke ililia, kisha kicheko cha wifi yake kikapasuka nyuma ya pazia. Tanuri akauma meno.

Wateja wa duka lao la dobi ndio waliombatiza jina hilo, tangu mwaka jana alipopasuliwa na kutolewa ovari, vifuko vya mayai ya uzazi, zote mbili. Joto humpanda kutoka kifuani mpaka masikioni, blauzi ikalowa kabla hajamaliza kola moja. Punde anatetemeka kwa baridi, na kifungo kikipotea anaangua kilio mbele ya mteja. Na wifi, aliyemzidi miaka minne? Mkavu kama shuka lililoanuliwa sasa hivi. Anaimba!

"Si umwige dada yangu," mumewe alimwambia jana. Tanuri akasukuma sahani kando.

Siri ya wifi aliijua: kiraka chembamba cha homoni alichoandikiwa na daktari hedhi ilipokoma, akikibandika nyongani mara mbili kwa wiki. Tanuri naye aende kliniki, aonekane anafuata nyayo? Thubutu!

Mchana, wifi alipotoka kupeleka mashuka hotelini, Tanuri akapekua mkoba wake. Kiraka kimoja tu. Akakibandika nyongani; jasho likakitelezesha. Basi akakifanyia kile anachokifanyia kila kiraka cha nguo: akakilaza mezani, akakifunika kitambaa, akakipitishia pasi ya moto mdogo ili gundi ishike.

Kikajikunja kama ganda la kitunguu.

"Wewe! Umekipiga pasi?" Wifi alikuwa mlangoni.

"Kilikuwa hakishiki."

Wifi akacheka mpaka akashika ukuta. Ghafla akakiokota kile kiraka. "Hicho ndicho nilichotakiwa kubandika leo. Kliniki ni Jumatatu. Unajua nilikuwaje kabla yake? Nilimrushia mume wangu sufuria."

"Wewe?"

"Likampata."

Raha tamu, ya aibu, ikamtekenya Tanuri. Kumbe hata huyu! Kisha akamwona wifi akijipangusa paji la uso, ingawa lilikuwa kavu bado. Alikuwa ameanza kuliogopa joto. Raha ikamchachukia mdomoni.

"Kaa kwenye feni, wifi," akasema, akiichukua pasi ya pili. "Mpaka Jumatatu nguo za zamu yako na yangu nazipiga mimi. Na siku hiyo nakwenda na wewe, nikapimwe. Nakuahidi. Ila daktari akinipa kiraka chenye nguvu kuliko chako, usije ukaninunia!"