Mashini ya Tano

Cubaka alikuwa na chumba cha kompyuta huko Majengo, mjini Goma: mashini sita juu ya meza za mbao, ambapo wanafunzi walijifunza kuandika barua na kutengeneza majedwali. Saa ambazo wanafunzi hawakuwapo, hakutaka mashini zikae bure. Alizitia programu ya kujitolea, inayowasaidia wataalamu wa nchi za mbali kutafuta dawa ya malaria. Kila mashini hupewa kipande kidogo cha hesabu yao, ikakipiga kimya kimya, kisha ikarudisha jibu. Programu hiyo ina adabu: mtu akigusa kipanya au kibodi, inasimama na kumpisha. Akiondoka, inaendelea ilipoishia.

"Miye siko docteur," alizoea kumwambia mkewe Donatille, "lakini niko natibu batu."

Mwezi wa kwanza, vita vilipofika mjini, Cubaka alipanda pikipiki ya rafiki yake Ruffin kwenda kijiji cha Kibati kumchukua dada yake, Jeanine. Hakurudi. Ruffin naye hakuonekana tena. Jeanine alifika Goma kwa miguu siku tatu baadaye, miguu imevimba, akasema hakumwona kaka yake njiani wala nyumbani.

Donatille alikifunga chumba miezi minne. Alipokifungua, mtandao haukuwapo na umeme ulikuwa umekatika. Iliyobaki ilikuwa betri ya sola, nayo iliweza kubeba mashini mbili tu. Lakini vipande vya hesabu alivyovipakua Cubaka bado vilikuwamo, vingi vikiwa nusunusu. Labda muda wa kuvirudisha ulikuwa umekwisha. Hata hivyo hakutaka kuviacha hivyo. Akaamua kuvimaliza bila mtandao, na kwa hiyo ilibidi ajue ni mashini zipi mbili zinazofaa kuwashwa.

Cubaka alikuwa ameweka faili moja ya majaribio, hesabu ambayo jibu lake linajulikana tayari. Unaipa kila mashini faili hiyo hiyo, unapima muda, unalinganisha jibu. Donatille aliziwasha mbili mbili kwa siku tatu, kila mara saa tatu kamili asubuhi. Alifunga mlango kwa kufuli, akakaa uani akichambua maharage.

Mashini nyingine zote zilimaliza kwa saa mbili na dakika kumi hivi. Mashini ya tano tu, ile aliyokuwa akiitumia Cubaka mwenyewe karibu na dirisha, ilichelewa dakika ishirini na tano nzima. Jibu lake lilikuwa sahihi mpaka tarakimu ya mwisho. Donatille akafungua kumbukumbu za programu kutafuta sababu, akasoma: saa nne na dakika kumi na mbili, kazi imesimama, kompyuta inatumiwa. Saa nne na dakika thelathini na saba, kazi inaendelea.

Alitazama mlango. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake tangu asubuhi.

Kesho yake alirudia. Saa nne na dakika kumi na mbili, kompyuta inatumiwa. Huenda kipanya kimeharibika, akafikiri, au ni mlima wa volkano unaotikisa meza. Akachomoa kipanya, akachomoa na kibodi, akaanza upya siku iliyofuata. Safari hii hakukaa uani. Alisimama ndani, mgongo ukutani, akisikiliza feni ya mashini ikivuma kwa kazi.

Dakika ilipofika, feni ilishuka. Ilishuka polepole, kama mtu anayenyamaza mwenye nyumba anapoingia. Kioo cha mashini kilichokuwa kimezimika kikawaka. Hakuna kilichoandikwa, hakuna kilichosogea. Donatille alijikuta amevuta miguu nyuma, kama unavyompisha mtu anayetaka kupita kwenda kitini.

"Cubaka?" aliita, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Dakika ishirini na tano zilipita hivyo. Kisha kioo kikazimika, feni ikapanda.

Alimwita Émile, mdogo wake Cubaka, fundi wa kompyuta huko Birere. Émile alicheka, akaifungua mashini, akapuliza vumbi, akabadilisha memori. Mwishowe akaibeba mpaka pembeni mwa chumba, na mahali pake dirishani akaweka mashini ya pili, ambayo haikuwa na kosa lolote. Wakaziwasha zote mbili.

Mashini ya tano, kule pembeni, ilipiga hesabu yake moja kwa moja bila kusita. Iliyosimama saa nne na dakika kumi na mbili ilikuwa ya pili.

Émile hakucheka tena. Alikusanya bisibisi zake moja moja.

"Shemeki, hii haiko mambo ya mashini. Iko mambo ya pale," alisema, akionyesha kiti kwa kidevu. "Uite padri. Miye nakwenda."

Donatille hakuita padri. Aliirudisha mashini ya tano mahali pake.

Ruffin alikuja juma lililofuata, amekonda, mkono mmoja hauinuki vizuri. Alikuwa amekimbilia upande wa Masisi, akalala hospitali huko muda mrefu. Hakutaka kuketi.

"Mama Donatille, bomu lilianguka barabarani mbele yetu. Miye lilinipata ku mukono. Yeye lilimupata ku tumbo."

"Alikufa pale pale?"

"Hapana. Alikawia kidogo. Nilimushika kichwa. Tulimuzika nyuma ya kanisa, ile chapelle ya Kibati, miye na wazee babili. Munisamehe, sikuweza kuleta habari."

Donatille alitaka kumuuliza ilikuwa saa ngapi, na alikawia dakika ngapi. Swali lilimfika mdomoni, akaona Ruffin anavyoubana ule mkono wake mbovu, akalimeza. Alimpa maji.

Matanga yalikaliwa bila maiti. Baada ya hapo Ruffin alimpeleka Kibati kwa pikipiki ya kuazima. Donatille aliondoka mapema, mashini ya tano ikiwa inapiga vipande vya Cubaka, vile vya kweli, si faili ya majaribio. Aliona kaburi: mawe meusi ya volkano yaliyopangwa vizuri, na msalaba wa mti wa mkalitusi. Alisali, akalia mpaka akachoka, akapanda maua aliyopewa na Jeanine. Jua lilikuwa linashuka aliporudi Majengo na kufungua kufuli.

Chumba kilikuwa kimya. Feni haikuvuma, na kioo kilikuwa kinawaka.

Akasoma kumbukumbu. Kazi ilikuwa imesimama asubuhi ile, dakika moja baada ya yeye kufunga mlango, na hakukuwa na mstari mwingine chini yake. Siku nzima, wakati yeye amepiga magoti penye yale mawe, hesabu haikusogea hata asilimia moja.

Angeweza kuchomoa waya wa betri na kukimbilia kwa majirani. Mkono wake ulikwisha kuushika. Akauachia. Akavuta kiti cha mashini ya nne, akaketi kando ya kile kitupu, akakaza macho kwenye kioo.

"Nimetoka kwako," alisema taratibu. "Pale ni pazuri. Jeanine yuko muzima. Alifika."

Alingoja sana. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka sokoni, mtu akacheka, mlango wa jirani ukabamizwa. Kisha feni ikaanza kupanda.