Viti vya Mama Viti

Nianze kwa kukiri kosa langu. Habari hii nilipoisimulia mara ya kwanza nilisema Mama Viti alikwenda kusajili biashara yake, na msikilizaji mmoja mwenye mdomo akanidaka hapo hapo: "Yake na nani?" Nikababaika. Kumbe swali hilo hilo ndilo lililomnyima mama wa watu usingizi. Basi leo nitasema "biashara" tu, niwe salama.

Biashara yenyewe ni viti vya kukodisha. Ukiwa na harusi, msiba au kikao cha wazazi, unampelekea habari Mama Viti, naye anakuletea viti kwa mkokoteni, vimepanguswa, havina hata msumari wa kukuchania nguo. Alianza na vichache alivyoachiwa na marehemu mumewe. Jirani yake mshona nguo akavipenda, akaleta vyake: "Changanya humo, dada, siku nikimwoza binti nisihangaike." Fundi saa naye akaleta. Kinyozi akaleta. Mtaa ukafuata.

Utaratibu ukawa huo: ukiweka chako, siku ya shughuli yako unachukua vyote bure. Wageni wakilipa, pesa ni za Mama Viti, maana ndiye anayeosha, anayegongomea miguu, anayevisindikiza hata kwenye mvua. Na ili watu wasije wakatoana macho, kila mwenye kiti alikiwekea alama upande wa chini, kwa rangi ya kucha. Mshona nguo alichora kifungo, fundi saa mishale miwili, kinyozi kitana kilichofanana zaidi na jongoo. Miaka ikapita, hakuna aliyevipindua kutazama.

Halafu chuo cha wauguzi kikamtumia ujumbe. Kinataka viti kwa shughuli zake zote za mwaka, lakini kutoka kwa biashara iliyosajiliwa. Aonjaye asali huchonga mzinga. Mama Viti akavaa viatu vya kufunika vidole, akaenda ofisini.

Dirishani alimkuta karani, binti mpole, kalamu kaichomeka kwenye nywele.

"Mama, biashara ni ya mtu mmoja au ya kikundi?"

"Ni ya viti."

"Sawa mama. Mwenyewe ni nani?"

"Mimi ndiye Mama Viti."

"Kwa hiyo viti vyote ni vyako?"

"Vinakaa kwangu," alisema.

"Hata mimi nakaa kwa dada yangu, mama, lakini si mali yake."

Foleni nzima ikacheka. Karani akamweleza taratibu. Ukisajili peke yako, viti ni vyako, maamuzi ni yako, na kodi ni yako. Mkisajili kikundi, wote mnakuja kusaini, mnaamua pamoja, mnagawana, na kodi inawahusu wote. "Keshokutwa mkaguzi atakuja kuviona. Wewe kesho niletee jibu."

Akampigia simu shemeji yake kumwambia habari ya mkaguzi, kisha akashika njia ya miguu, mwendo wa saa kadhaa. Akisema ni vyangu, si wizi huo? Akisema ni vyetu, je, yule anayelala na mgongo unaomuuma atakuwa nani, mwanachama wa kawaida? Mawazo yalimzunguka kama inzi chumbani, ukimtoa dirishani anarudi kwa mlango. Hatimaye akapata la kushika. Atavipindua vyote, atazame alama. Vya kwake vikizidi, ataandika jina lake. Visipozidi, kikundi. Akatembea kwa haraka, moyo mwepesi.

Alipofika uani alikuta viti vyote vimesimama juani, vya bluu. Bluu tupu, bluu ya mlango wa zahanati.

"Shemeji, usiguse! Havijakauka!" Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ni fundi rangi, na alikuwa anatabasamu hadi gego la mwisho. "Mkaguzi aje akute kila kiti na rangi yake, kama fungu la mitumba? Kule zahanati ilibaki rangi, nikasema, iende wapi kama si kwa shemeji yangu?"

"Na chini?"

"Chini ndiko nilikoanza! Mimi si fundi wa juu juu. Kulikuwa na uchafuuchafu fulani, nimeusugua wote kwa msasa."

Mama Viti akatafuta pa kukaa. Hakukuwa na pa kukaa.

Jioni rangi ilipokauka, wenye viti walijaa uani, na Mama Viti akawaeleza yote, ya chuo na ya rangi. Mshona nguo alikuwa wa kwanza.

"Mimi changu nakijua hata gizani. Ni hiki nilichokalia."

"Hicho ni changu, mama," alisema fundi saa. "Nilimpa kazi seremala mwenyewe."

"Basi chako kitakuwa kile chenye mguu wa kuazima."

"Changu mimi? Hakijawahi kuugua hata siku moja!"

Ikawa vurugu. Na ajabu ya dunia, viti vizima vilikuwa na wenyewe wawili wawili, vibovu vyote yatima.

"Tuwe kikundi," alisema mshona nguo. "Hela za chuo tugawane."

"Na kuosha?" aliuliza Mama Viti.

"Utaosha wewe dada, si umezoea?"

Wakacheka. Naye akacheka, kisha akajiuliza anacheka nini.

"Aandike jina lake tu," alisema fundi saa. "Sisi tunamwamini. Ila siku ya shughuli yangu nivipate."

"Na Mungu akimchukua je?" alidakia kinyozi. "Wanawe si watavisomba?"

Jambo lililomtisha Mama Viti ni kwamba kila aliyesema, alimwona ana haki. Kikundi, kweli. Jina lake, kweli. Wanawe, tena kweli kabisa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa huku na huku hadi shingo ikachoka.

"Tena hiyo kodi," fundi saa alikumbuka, "analipa nani?"

"Karani anasema aliyesaini ndiye atakayeulizwa," alijibu Mama Viti.

Viti vikaanza kulia kwa watu kujisogeza. Mshona nguo akakitazama kile alichokalia kama amekutana nacho leo, akasema, sasa akikichunguza vizuri, chake kilikuwa chepesi kidogo kuliko hiki.

"Kwa hiyo si chako?" aliuliza Mama Viti.

"Sijasema si changu."

"Basi niandike jina langu?"

"Hilo nalo sijalisema."

Akamgeukia fundi saa, naye akaanza kukohoa. Akamgeukia shemeji yake. Shemeji alikuwa amechutama anakwangua tone la bluu kwenye sakafu, kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwenye kazi ya mtu.

Mama Viti akasimama. Alizunguka uani akamtazama kila mmoja usoni, watu aliokula nao na kulia nao.

"Jamani, kesho lile dirisha linanisubiri, na mimi hata sijui nikifika naanzaje kusema. Sitaki mtu asaini. Naomba mmoja wenu, mmoja tu, anisindikize. Asimame pembeni yangu. Nani atakuja?"

Kinyozi alitazama viatu vyake. Kiti kimoja kililia, mwenye kukikalia akakituliza kwa mkono.

"Nani atakuja, jamani?"