Mkia wa Faili

Ofisini walimwita Mfufuaji, na jina lenyewe alilipenda. Kazi yake ilikuwa kutoa maandishi kwenye disketi za zamani, yaliyochapwa kwa programu ambazo hata waliozitengeneza wamezisahau, na kuyahamishia kwenye kompyuta za leo. Mwaka mzima uliopita alikuwa na majalada ya wagonjwa wa zahanati moja kongwe, elfu nne na ushee, zahanati ileile aliyofanyia kazi marehemu baba yake. Alikuwa na mtindo wake. Faili ikifunguka, maneno yanakaa juu, na chini yake zinafuata takataka: nyota, alama za kuuliza, herufi zisizosomeka. Hizo aliziita mkia. Mkia anaukata bila kuutazama mara mbili, anahifadhi, anaingia faili nyingine.

Asubuhi hiyo mdogo wake, Kijiti, alikuwa kalazwa, kidole tumbo kimepasuka, na kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji lazima achomwe dawa ya kuua vijidudu. Sasa balaa liko hapa: akiwa na miaka minne, Kijiti alichomwa sindano fulani, koo likavimba, midomo ikawa ya buluu, akarudi kwa kudra za Mungu tu. Sindano gani? Mama yao hakumbuki. Aliyejua ni baba, daktari, mtu wa kuandika kila kitu, na baba ndiye huyo aliyeko kaburini. Kilichobaki ni disketi moja ambayo mama ameitoa kabatini, ndani ya soksi, akamletea ofisini, imeota ukungu.

"Mwanangu, itasoma?"

"Mama, usiniulize, tafadhali. Nitakufa mimi kabla ya Kijiti."

Akaifuta kwa pamba na spiriti. Alijua vizuri kwamba disketi ya hivyo husomeka mara moja, ukibahatika, halafu basi. Akaiingiza. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Mama naye pembeni anasali kwa sauti, mpaka akatamani kumwambia anyamaze, lakini mzazi unamwambiaje maneno hayo?

Ikasoma. Jina la Kijiti, tarehe, halafu: "Amedhurika kwa penisilini. Asipewe tena."

Hakungoja. Akapiga simu hospitali, akampata daktari.

"Afadhali umewahi, dada," daktari akasema. "Penisilini ndiyo tuliyotaka kumpa. Basi tunabadilisha, atachomwa klindamaisini."

Mfufuaji hajamaliza hata kushusha pumzi, muuguzi akaichukua simu.

"Wa kuchoma ni mimi," akasema kwa sauti kavu. "Na kwa maneno ya simu sichomi mtu. Chapisha hayo maandishi, uyalete."

"Mdogo wangu anakufa, wewe unadai karatasi?"

"Nadai. Na ufanye haraka."

Lo! Mfufuaji alimtukana yule mama wa watu moyoni matusi yote aliyoyajua. Akabonyeza kuchapisha, faili nzima kama ilivyo, na kwa hasira hata mkia hakuukata. Printa ikatoa ukurasa wa kwanza. Ikatoa wa pili, wa tatu, takataka tupu, huku yeye anaihimiza kwa kuigonga kofi.

"Na haya madudu ni ya nini?" mama akauliza, kavaa miwani, kashika ukurasa wa tatu. "Mbona humu katikati katajwa mwanangu?"

Akampokonya karatasi. Katikati ya nyota na alama za kuuliza palikuwa na maneno safi kabisa: "Nilikosea. Kijiti amepewa tena penisilini, hakudhurika. Iliyomdhuru ni klindamaisini."

Ile programu aliyoitumia baba! Aliwahi kusoma habari zake mara moja, akapita. Ili ihifadhi haraka, ilikuwa haifuti kitu: maneno uliyoyafuta yanabaki palepale juu, na sahihisho linarundikwa mwisho wa faili. Baba alikuwa amesahihisha kosa lake. Yeye kalichukua kosa, kalipeleka hospitali kwa mdomo wake mwenyewe.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika.

"Kuna nini? Si niambie, kuna nini?" mama akauliza.

Akabonyeza namba tena. Nimemuua, alikuwa anawaza, nimemuua ndugu yangu mimi. Mara ya tatu simu ikapokelewa.

"Umemchoma?"

"Nimchome vipi, na karatasi hujaleta?" Alikuwa yule muuguzi. "Sindano ninayo hapa, nakusubiri wewe."

"Usimchome! Hiyo ndiyo iliyomdhuru! Penisilini haina neno, nilisoma vibaya!"

"Naiweka chini," muuguzi akasema. "Nisomee polepole, namwita daktari. Halafu ulete karatasi zote."

Mama aliposikia yote, alilia, akacheka, akatafuta kiatu kilichomtoka. "Twende tukampe huyo bibi karatasi zake. Nitambusu miguu, wallahi!"

Mfufuaji hakuinuka. Alikuwa anaitazama skrini, ile orodha ya majalada elfu nne na ushee, yaliyochapwa kwa programu ileile, ambayo sasa madaktari wanayafungua kila siku kabla ya kuchoma watu sindano. Mikia yote kaikata.

"Mbona huinuki, mwanangu? Si tumewahi?"

"Ndiyo, mama. Tumewahi."

Disketi za zahanati zilichomwa moto nyuma ya jengo mwezi uliopita, na aliyetia sahihi kwamba hazihitajiki tena ni yeye.