Pongezi Zilizokwenda kwa Kibwana

Usiku wa jana niliota saksafoni yangu imetoka yenyewe uvunguni, imevaa tai, inaniamsha kwa heshima zote.

"Mzee Mngodo, tumeitwa studio. Wanarekodi upya."

Sikushangaa. Nilichouliza ni kama shati langu limepigwa pasi.

Hapa lazima nieleze. Mwaka 1978 bendi yetu ya watu kumi na saba ilirekodi wimbo ambao mpaka leo haukosi harusini. Solo ya saksafoni ni yangu. Ila Chambuso, mwimbaji wetu, ndiye aliyekuwa akimtaja kila mpigaji zamu yake ikifika, na siku hiyo ulimi ulimteleza: "Puliza, Kibwana!" Kibwana alikuwa amehamia bendi nyingine wiki moja kabla, na kiti chake nimekikalia mimi. Utepe ulikuwa mmoja tu, hatukurudia. Tangu hapo Kibwana akawa anapongezwa, mimi naitwa mwongo, hata na mke wangu Bernadeta. Inaniuma mpaka leo.

Basi, studio ipo pale lilipokuwa bafu letu. Mlangoni kasimama kipaza sauti, kavaa miwani.

"Jina?"

"Gervas Mngodo."

"Sinalo. Humu asiyetajwa haonekani."

Natazama chini. Kweli, sina miguu, na kiuno nacho kinaanza kufifia.

Ndani namkuta marehemu Kibwana amekalia gunia.

"Gervas, ndugu yangu, pongezi zako hizi. Nimezibeba mpaka kaburini, mgongo umekwisha. Chukua mzigo wako."

"Nitauchukuaje bila jina?"

"Hayo yamalize na Chambuso."

Taa nyekundu ukutani inakohoa. "Nikiwaka, hakuna kurudia."

Inawaka. Tarumbeta nne zinasimama, ngoma zinaingia, nami napuliza. Kuta za studio zinasogea kutupisha, tumo ukumbini. Napanda sauti ya juu, tumo uwanja wa mpira, majukwaa yamejaa, refa anacheza dansi na mke wa kocha. Sijawahi kupuliza hivi maishani. Nasikia raha mpaka machozi yananitoka.

Chambuso anamvuta kipaza sauti karibu. "Puliza, Ki..."

Saksafoni inageuza shingo, inamtazama. Chambuso anajirudi.

"Puliza, Mngodo!"

Miguu yangu inarudi, imevaa viatu vyeupe vya bendi. Uwanja mzima unasimama. Kibwana amenyooka mgongo, anapiga makofi kuliko wote.

Nilipoamka jua limeshatoka. Bernadeta alikuwa anamimina chai, na redioni kipindi cha nyimbo za zamani kilikuwa kinapiga ule wimbo wetu. Nikanyoosha mkono niizime, maana solo ikikaribia huwa naizima. Nikachelewa.

"Puliza, Mngodo!" ikasema redio.

Chai ikajaa kikombe, ikamwagikia kitambaa cha meza. Bernadeta hakuwa anaitazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kumbe," akasema.

Akaweka birika chini, akasikiliza solo mpaka mwisho. Wimbo ulipokwisha akatafuta miwani yake, akaniuliza namba ya simu ya redio ni ipi, waupige tena.