Matanga ya Hoshiro

Tone la maji lilidondoka kwenye sufuria iliyolazwa kifudifudi, likafuata lingine. Kulikuwa bado giza. Jescah alisikiliza akiwa kitandani, akadhani tangi linavuja, akajifunga leso akatoka. Tangi lilikuwa kavu. Maji yalikuwa yanatoka kwenye taa za mbele za gari, yanateremka bampa na kuangukia vyombo vya jana. Aliyaonja kwa ncha ya kidole. Yalikuwa na chumvi. Akaweka beseni chini ya kila taa, akaingia jikoni kuwasha moto wa uji.

Gari lilikuwa aina ya Hoshiro na alikuwa nalo wiki tatu. Alilinunua kwa Osman, muuza magari wa Mumias, baada ya miaka minne ya kuuza miche ukingoni mwa msitu, hapo Buyangu. Mumewe Titus yuko Qatar, analinda jengo, na kwa simu alisema tu sawa.

Alilitaka kwa sababu moja. Mwezi wa nne mwaka huu, mvua ikinyesha, uchungu wa kuzaa ulimshika, akapakiwa kwenye bodaboda na jirani akimshikilia kwa nyuma. Walikwama matopeni mara mbili. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, hakulia, na jirani akamfunga kwenye leso kabla mama hajamwona. Wakarudi. Wanawake wazee wa boma, mama mkwe akiwa wa kwanza, walimzika nyuma ya migomba jua likiwa bado linawaka. Rachael, binti yake wa miaka mitano, aliachwa acheze nje, hapo hapo karibu na migomba. Jescah alikuwa ndani, amelazwa akiangalia ukuta. Aliambiwa asimtazame na asimlilie, tumbo lisije likafunga asizae tena. Hakuna aliyekuja kukaa naye. Kesho yake watu walimsalimia kama kawaida, wakauliza kama miche ya parachichi iko.

Saa moja asubuhi redio ilitangaza kwamba Hoshiro wameacha kutengeneza magari, na vipuri vilivyobaki vikiisha, vimeisha. Gari, likiwa limefungwa na halina mtu ndani, lilipiga honi moja ndefu. Huku kila mtu anaujua mlio wa namna hiyo, ni wa kutangaza msiba. Uji haukuwa umepoa wakati wanawake walipofika langoni na kuni kichwani na sukari mkononi.

"Pole, Mama Rachael," alisema Mama Oliver, jirani mwingine. "Kwani alikuwa anaugua?"

"Sijui. Nimekaa naye wiki tatu tu."

"Wuuui! Na vile alikuwa anapanda mlima vizuri."

"Lakini alikuwa anakunywa," alisema mwingine. "Petroli ya elfu moja, hata Lubao hapo karibu hafiki."

"Wewe nawe! Mwenzako amelala hapo, unaanza mambo ya kunywa."

Kufikia adhuhuri hema lilikuwa limesimamishwa na viti vya kanisa vimeletwa kwa mkokoteni. Mchana Hoshiro wengine walianza kufika, kutoka Khwisero, Matungu na Lugari, bila madereva. Kila mmoja aliwasha indiketa langoni, akangoja apishwe, akaenda kuegeshwa kivulini na vijana waliokuwa wanapanga watu. Walikuwa saba. Beseni hazikutosha, ikabidi kuazima kwa majirani.

Mama mkwe alijitupa chini karibu na gurudumu. "Umetuachia nani?" alilia. "Umetuachia nani sisi?" Alikuwa hajawahi kupanda. Wanawake wawili walimshika mikono, wa tatu akampepea kwa kitabu cha nyimbo.

Osman naye alikuja, amevaa kanzu safi, akatoa salamu, akaketi mbele. Jescah alimpelekea ugali na kuku. Firigisi, fungu la mwenye nyumba, ilikuwa kwenye sahani ya mgeni kwa kuwa mwenyewe hayupo.

"Ulijua, Osman?"

"Nilisikia sikia tu, mama. Sasa ningekuambia, ungenunua?"

"Singenunua."

"Unaona?" Osman alisema kwa upole, akala firigisi.

Jescah alisimama hapo na sinia tupu. Aliangalia watu waliojaa, moto unaowaka, viti. Akaenda kwa mzee wa mtaa, Mzee Eugene, akapiga goti kidogo.

"Baba, kwa vile watu wamekuja, naomba tumtaje na yule wangu wa mwezi wa nne. Hata kidogo. Ombi moja tu."

Mzee hakukasirika. Alikuwa mtu mzuri.

"Yule hakulia, mama. Mtoto kama huyo hatukaliangi matanga."

"Najua, baba."

"Huyu angalau alipiga honi."

"Ndiyo, baba."

Akarudi jikoni kuongeza maji kwenye chai. Jirani aliyemshikilia kwenye bodaboda alikuwa hapo anamenya vitunguu, akamsogezea kigoda.

Saa kumi Mzee Eugene alisimama kusoma maisha ya marehemu. Alisema amezaliwa ng'ambo, akateremka Mombasa bado kijana, akafanya kazi kwa uaminifu, hakuwahi kugonga mtu. Watu walijibu amina. Magari saba yalipunguza mwanga wa taa zao. Wimbo uliimbwa mpaka mwisho, na Jescah akauimba pia, kwa sauti ya pili, kwa sababu anaujua.

"Kuna mtu wa familia wa kusema neno?" mzee aliuliza.

Rachael alitoka katikati ya watoto wenzake, miguu imejaa vumbi. Watu walitabasamu, wakijua watoto wa umri huo hupenda kusoma kamstari ka Biblia. Mtu alimpandisha juu ya kiti, mwingine akamshushia kipaza sauti. Alimtafuta mama yake kwa macho mpaka akamwona kwenye mlango wa jikoni.

"Mtoto wetu alikuwa na nywele nyingi," alisema.