Mgonjwa wa Kutosha

Mwaka ule wa korona, watu wa kijiji chetu cha Sosiot walianza kuishi kama mimi, na hakuna aliyenishukuru. Kujifungia nyumbani, kuogopa pumzi ya jirani, kukodolea dari macho mchana kutwa: hayo yote nilishayafanya zamani bila amri ya serikali. Tofauti ni kwamba mimi nilifundishwa kuyashinda. Amka, tandika, oga, fagia, chuma chai, kula, meza kidonge, lala. Ratiba hiyo nilipangiwa na Sista Chepchumba wa kliniki ya akili, nami niliishika kama mtu anayevuka mto ameshika mkia wa ng'ombe.

Jirani yangu Magdaline hakuwa na ratiba. Alikuwa na mume, Kinyua. Hoteli aliyokuwa meneja ilipofungwa, mzee alihamishia umeneja jikoni, akawa anamfundisha kukata kitunguu mwanamke aliyemlisha tangu harusi. Kanisa limefungwa, chama cha akina mama kimefungwa, watoto wote wako nyumbani wanataka chapati. Shambani tulichuma chai tukiwa tumeruka mistari ili tusikaribiane, na Magdaline akawa haongei. Magdaline, haongei!

"Mama Shirley, umemeza redio ikaisha betri?" nilimchokoza.

"Niko tu."

Mikono yake tu ndiyo ilikwenda: chuma, tupa nyuma ya bega kikapuni, chuma, tupa.

Ningemtazama vizuri zaidi, lakini nilikuwa na yangu. Vidonge vyangu vilikuwa vimeanza kulia ndani ya kichupa kama njugu chache mfukoni. Vikiisha, usingizi huhama, nami nahama nao. Mara ya mwisho vilipoisha nilimpa mpita njia ng'ombe wa kaka yangu kule Londiani, na ndoo ya kukamulia juu yake. Mimi nilirudishwa nyumbani nimefungwa kamba. Ng'ombe hakurudi. Kamba ile sikutaka kuiona tena.

Nikapiga simu kliniki.

"Nyambeki, unaongea vizuri!" Sista Chepchumba alifurahi. "Unalala?"

"Nalala. Ni dawa tu zinaisha, Sista."

"Wodi yetu wamepewa wa korona. Getini wanapita wa dharura peke yao, na wewe uko sawa kabisa."

"Nikiwa sawa sipati dawa. Nisipopata dawa, sitakuwa sawa."

"Hata mimi nimewaambia wakubwa hivyo. Mungu atafungua njia."

Nikaona Mungu ana mengi mwaka huo, nimsaidie. Kesho yake nikamwomba Magdaline anisindikize hospitalini mjini Kericho, maana mwendawazimu asiye na msindikizaji huonekana mtalii.

"Ukifika utafanya nini?" akauliza.

"Nitachizi kidogo wafungue geti."

"Na unajua bado?"

"Mama Shirley, hiyo ndiyo kazi pekee nina cheti."

Getini nilifika nimejifunga kichwani aproni yangu ya plastiki ya kuchumia chai. Askari, mzee mmoja wa Kimulot kwenye mashamba ya chai, naye alikuwa amevaa mfuko wa plastiki juu ya kofia. Sawa. Nikaenda kwenye tangi la maji nikanawa mikono, nikarudia, nikarudia tena, mpaka foleni ikanung'unika.

"Mwoneni huyu mama!" askari akapaza sauti. "Hivyo ndivyo kunawa!"

Nikabadilisha mbinu. "Msinisogelee!" nikapiga kelele. "Kuna vitu hewani! Havionekani! Vinatuingia puani!"

"Mmesikia?" mzee akawageukia watu. "Rudini nyuma, nyinyi. Mama, wewe ni wa afya ya jamii?"

Miaka yote nikijitahidi kuwa mzima niliitwa wazimu. Siku moja nautaka wazimu wenyewe, napandishwa cheo.

"Mzee, mimi ni mgonjwa wa akili," nikasema, sasa kwa adabu.

"Mgonjwa gani wa akili anajua ni mgonjwa? Enda nyumbani, mama."

Machozi yakanilenga, tena ya kweli. Niliiona ile kamba. Nikageuka kumwambia Magdaline twende.

Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amesimama kwenye ua wa hospitali, ule wa miti mifupi iliyokatwa sawasawa kama chai. Alikuwa anachuma. Majani mawili na kichipukizi, tupa nyuma ya bega. Mgongoni hakuna kikapu. Majani yalianguka chini naye akaendelea, mbio, kama mtu anayewahi mizani ya kupimia majani, barakoa imelowa machozi.

"Mama Shirley."

"Hakijai," akasema. "Nyambeki, nachuma, nachuma, na hakijai."

Mzee wa Kimulot alizaliwa ndani ya chai. Hakuuliza kitu. Alifungua geti lote, pande mbili.

"Mlete, mama," akaniambia. "Mlete polepole."

Ndani, Sista Chepchumba alimkalisha Magdaline kitini, akamwacha aongee. Aliongea mpaka chai ya saa nne ikapoa, sehemu kubwa ikiwa ni habari za kitunguu. Alipomaliza, Sista akanitazama.

"Na wewe umepitaje?"

"Mimi ni msindikizaji."

Akafungua kabati, akanipa kichupa. Nilikitikisa. Kimya. Kichupa kilichojaa hakilii.

Tangu siku hiyo tunakwenda pamoja kila mwezi: Magdaline kama dharura, mimi kama mtu mzima wa kumwangalia. Kinyua mwenyewe hutusindikiza mpaka barabarani. "Nyambeki," huniambia, "wewe ndiye mwenye akili hapa. Nichungie mke wangu."

Magdaline naye alipangiwa ratiba. Amka, tandika, oga, fagia. Inafanana na yangu, ila Sista aliongeza jambo moja ambalo mimi sina: kitunguu akate Kinyua.